Fungu la Husna

Mzee Issa wa Malindi, kijiji cha milimani Lushoto, alipofariki, Husna ndiye aliyemfumba macho. Alikuwa amemuuguza tangu mvua za vuli, akimgeuza kitandani, akimnywesha uji, akimsimulia bei ya karoti sokoni Lushoto, ambayo mgonjwa hakuacha kuiulizia. Mama, Salma, alikwisha kutangulia. Ndugu yake Husna alikuwa mmoja tu, mdogo wake Sharifu, muuza mbogamboga Tanga mjini.

Baada ya arobaini, Sheikh Selemani aliwaita barazani mbele ya majirani, akausoma wasia. Shamba la bondeni, lile lenye mfereji, Mzee Issa alimwachia Husna. Nyumba na mashamba mengine yaende kwa warithi.

Wanawake wakamshika mkono, wakampa pole na hongera kwa pamoja.  Husna alikuwa amesoma madrasa, na jambo moja lilimkaa kichwani: mrithi haachiwi wasia. Anayeachiwa ni yule asiye na fungu katika mirathi. Na Baba alilijua hilo.

Akamuuliza sheikh, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, yeye ni nani basi. Sheikh akaeleza polepole. Salma aliolewa hapa akiwa na mtoto mgongoni. Mzee akamlea mtoto, akampa jina lake, akawakataza watu kusema kwamba si wake. Lakini mirathi inafuata damu, naye aliogopa Husna asije akatoka mikono mitupu.

Husna aliutazama mkeka. Alikitafuta kilio, hakukiona. Ukindu mmoja mwekundu ulikuwa umekatika. Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Unaupokea wasia, mwanangu?" sheikh akauliza. "Lazima useme. Ukikataa, shamba linarudi kwa mrithi."

Mrithi ni Sharifu. Na kukubali, mbele ya watu wote hawa, ni kukiri kwamba yeye si binti wa Issa.

"Kubali, dada," Sharifu akasema, macho chini. "Ukiniachia mimi, karoti zitakufa zote. Mimi najua kuziuza tu."

Jirani mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Nimekubali," Husna akasema.

Sheikh akafungua kalamu, akauliza aandike jina gani.

"Husna Issa."

Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Sheikh hakuandika, wala hakumsahihisha. Husna akasubiri, miguu imekufa ganzi, na hakuna aliyemwambia ainuke.