Kiraka Kilichofichwa Vizuri Mno

Katika darasa zima la kutengeneza majengo ya kale, Kitinda peke yake ndiye aliyefika akiwa tayari ana sugu viganjani. Baba yake alikuwa fundi wa lipu, na yeye, kitinda mimba wa nyumba ya wasichana watano, alianza kumchanganyia chokaa na mchanga akiwa na miaka minane. Wenzake darasani walikuwa wakihangaika kuushika mwiko. Yeye alihangaika na kalamu. Mwaka wa pili sasa ulikuwa unayoyoma, akiwa amepanga chumba cha ghorofani chenye dirisha la ukubwa wa daftari, katika mji ambao nyumba changa kuliko zote ilimzidi umri babu wa babu yake. Wageni walitoka mbali kuja kuushangaa. Kitinda angeutoa wote, minara na mawe yake, apewe jioni moja tu ya kugombania rimoti na dada zake.

Tena safari hii haikuwa hamu peke yake. Baba alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikwisha zamani, na la pili, kwa maneno ya daktari, lilikuwa linakwenda polepole. Mzee alimwambia bintiye kwenye simu bila kuzunguka: "Nataka nikuone kabla hili nalo halijazima." Likizo ingeanza Jumamosi. Kilichobaki ni mtihani wa vitendo, na atakayefeli atabaki chuoni likizo nzima kuurudia.

Kila mwanafunzi alipewa tundu lake la kuziba, kwenye ukuta mrefu wa ujia wa nyumba moja kuukuu. La Kitinda, la mraba, lilitoshana na sinia. Alitafuta mchanga wa rangi ile ile, akachekecha, akachanganya, akapiga lipu, kisha akaufuatiliza hata ule mtetemeko wa mkono wa fundi aliyekufa zamani, mpaka mawimbi ya lipu mpya yakaungana na ya zamani. Alipomaliza alijipongeza kwa kikombe cha chai.

Masikini, alikuwa amejichimbia shimo. Wiki ya kwanza kabisa mwalimu wao alifundisha kwamba katika kazi hii kiraka lazima kionekane mtu akikisogelea, ili wajao wasije wakadhani ni kazi ya wahenga. Kitinda aliyaandika hayo kwa mwandiko mzuri, akayapigia na mstari. Lakini kwao kiraka kikionekana, fundi anabadilisha njia ya kurudia nyumbani kwa aibu, na mkono wake ulifuata ya kwao.

Mwalimu, mama mmoja mpole ambaye wanafunzi walimwita Tochi kwa vile hakuachana nayo, aliumulika ukuta ule nusu saa nzima, akiuchungulia kwa kioo cha kukuzia.

"Kiko wapi?"

"Hapo, mwalimu."

"Hapo wapi?"

Kitinda alinyoosha kidole, akakisogeza kushoto, akakirudisha kulia. Jasho likamtoka. Hata yeye alikuwa hakioni. Picha za kabla ya kazi hakupiga, maana nani anapiga picha aibu ya ukuta?

"Ni kazi nzuri kuliko zote nilizokagua mwaka huu," alisema Tochi, "na ni sifuri. Nakupa mpaka kesho saa kumi. Kitafute, ukizungushie mstari kwa ncha ya mwiko. Ila usinichane ukuta wa watu kwa kubahatisha. Usipokipata, utabaki."

Kitinda alipiga simu nyumbani. Ya sauti tu, kwa sababu kwa miezi miwili mzee alikuwa hataki simu ya picha, eti inamaliza bando.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Akamweleza. Mzee akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Mwalimu katafuta nusu saa?"

"Nusu saa, Baba. Na kioo juu."

"Mama Kitinda, hebu njoo usikie haya!" Ikabidi binti asimulie tena tangu mwanzo.

"Baba, nikifeli siji."

Hapo mzee aliacha mzaha. "Hili sijawahi kumwambia mteja, na wewe usilitangaze. Loanisha ukuta wote kwa brashi, sawasawa, usimwage maji. Halafu kaa chini utulie. Lipu kuukuu itakauka kwanza. Yako itachelewa, itajionyesha yenyewe."

Asubuhi yake alifanya hivyo, akageuza ndoo akaikalia. Ukuta ulianza kupauka pole pole kutoka juu. Baada ya saa moja na ushei, doa moja jeusi lilibaki limegoma, mraba kabisa, nusu hatua kutoka alipokuwa ameonyesha kwa kidole. Alilizungushia mstari. Saa kumi Tochi aliukagua, akaweka tiki, akaomba aelezwe tena habari ya maji ili aiandike.

Kitinda hakungoja kufika chumbani. Pale pale ujiani alipiga simu ya picha, na kwa furaha hakujali bando la mtu. Mama alipokea, akasitasita, kisha akampa mzee.

"Nimepita, Baba! Kiangalie mwenyewe." Akainyoosha simu mbele ya ukuta.

Baba alikuwa ameuelekeza uso kwenye simu, macho wazi, anatabasamu. "Nakiona," alisema. "Mstari umeukata vizuri. Kingo zimenyooka."

Ndipo Kitinda alipoitupia jicho ile picha ndogo kwenye pembe ya simu. Alikuwa hajageuza kamera. Kilichokuwa kinafika nyumbani muda wote ule ni uso wake yeye, na chokaa kwenye nyusi. Nyuma ya mzee, mama alikuwa ameangalia pembeni, ameziba mdomo kwa upande wa khanga.

Hakuuliza ni tangu lini. Aliisogeza simu karibu, karibu kabisa na uso wake, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Kweli unakiona, Baba?"

"Nakiona, mwanangu," mzee alisema. "Kizuri sana."