Chanjo Iliyonuka Samaki

Nilienda Beni kwa sababu ya gari ambalo halikuja. Mimi ni muuguzi, infirmière kama wanavyoniita, katika kituo kidogo cha afya pembeni ya Butembo. Chanjo zetu hununuliwa na wafadhili, huvuka bahari kwa ndege na kufika Beni salama. Kutoka Beni hadi kwetu, mafuta ya gari hutolewa na serikali, na mwezi ule hayakutolewa. Surua ilishaanza mtaani. Akina mama tulikuwa tumewarudisha nyumbani mara mbili, na mara ya tatu niliona haya. Nikachukua glacière, sanduku la kubebea chanjo katika baridi, nikapanda pikipiki ya jirani yangu Kambale.

Asubuhi, karibu na Maboya, mvua ilikuwa imegeuza barabara kuwa uji. Tulianguka polepole, kama watu wanaokaa kitini.

"Infirmière, tushukuru Mungu," Kambale alisema akijipangusa. "Sanduku ingali bule, haina kitu ndani."

Adhuhuri, Beni. Mlinzi wa bohari ya chanjo, Papa Muhindo, mzee wa kanisa, alitupokea kwa heshima.

"Chanjo iko mingi," akasema. "Mais glace, ile barafu, hapana. Groupe, jenereta ya kugandisha glace, inakunywa mafuta, na ile mafuta tunaingoja sawa nyinyi."

"Sasa papa, nitaibeba na nini?"

Akafikiri. "Na imani."

Kambale hakuamini imani ingefika hata Maboya. Alinipeleka mtaa wa Mulekera kwa Mama Masika, muuza samaki mwenye friji kubwa. Mama huyo alisikiliza, akatoa chupa za maji yaliyoganda kutoka chini ya samaki wake.

"Ni ya batoto? Kamata."

"Wasingya, mama," nikamshukuru.

"Hapana mimi. Siku serikali italeta glace yake, utaiambia wasingya."

Tukarudi bohari, nikafunga chanjo katika vitambaa zisiguse barafu, tukaondoka.

Alasiri, kwenye kizuizi, askari alinusa sanduku. "Fungua. Nataka samaki."

"Chef, ni chanjo. Joto likiingia, inaharibika."

"Chanjo inanuka samaki?"

Kambale akainama kwa adabu. "Chef, infirmière akiifungua, sharti achome sindano wa kwanza mwenye kuwa karibu."

Askari akarudi nyuma, akainua kamba.

Tulipofika Butembo, mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliuliza bei. Nilimwambia hakuna samaki. Akadhani nimewawekea wateja wengine, akatufuata mlima mzima hadi kituoni, ambako akina mama walijaa kwenye mabenchi. Jina lake Kavira, alikimbia vita kutoka Luofu. Mtoto wake hakuwa amechanjwa hata mara moja.

"Nilisikia ni ya kulipa," akasema.

"Ni ya bule."

Akaketi mwisho wa benchi. Zamu yake ilipofika mtoto alilia, mama akalia zaidi. Kisha akachungulia sandukuni. "Donc samaki hapana kabisa?"

"Hapana kabisa."

Akaondoka amenuna.

Safari ile ilinifundisha kwamba chanjo ya bure ina mlipaji, na serikali isipolipa, analipa muuza samaki. Mwezi uliofuata Kavira alirudi kwa dozi nyingine, na majirani wawili na watoto wao. Gari halikuwa limekuja. Nikawaomba wakae kidogo, Kambale alishapita Maboya akirudi na chanjo na barafu ya Mama Masika.