Muhogo Mchungu wa Mahameni

Kabla ya kuhamishwa, majirani walimwita Tekla mchoyo, wala hawakumsingizia. Kila msimu alipanda muhogo mchungu nyuma ya nyumba, akauacha ardhini. Mtamu huliwa na nguruwe pori na wapita njia, alisema. Mchungu huingoja njaa. Ila lazima uuloweke dimbwini mpaka ulainike na kunuka, uuanike, ndipo utwange. Mwenye haraka atazika mtu.

Mwaka 1974 lori la Operesheni Vijiji likawapakia na vyungu vyao, likawashusha kando ya barabara ya Nzega. Muhogo ulibaki mahameni, na dimbwi pia.

"Mama, kisima kinakuja," alisema mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Lukumani.

Hakikuja. Mvua nayo ikakata, mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti.

Njaa ilipobisha hodi, mchoyo ndiye pekee aliyekuwa na akiba. Alirudi mahameni kwa miguu, akachimba, akajaza tenga. Angeuloweka huko huko, lakini mgambo hawakuruhusu mtu kulala mahameni, na nani angeulinda? Akaubeba hadi kijijini, akautia mtungini na maji kidogo aliyoyapangia foleni.

Katarina, mjukuu aliyeachiwa na marehemu bintiye, alilia tangu alfajiri.

"Bibi, njaa inaniuma."

"Vumilia, mke mwenzangu. Bado mgumu huu."

Mtoto hakunyamaza, na Tekla moyo ukamshinda. Yeye aliyewakaripia wanawake wa kijiji kizima aliutoa muhogo ungali mgumu, akauanika juani kidogo, akatwanga, akasonga ugali. Katarina alikula, akacheka, akalamba vidole.

Mtoto alipoanza kutapika, Tekla alijua. Alimfunga mgongoni, akakimbia kuelekea zahanati. Njiani akahisi miguu ya mtoto imelegea kiunoni pake, na bado akaendelea kukimbia.

"Amri ya Mungu," walisema msibani. Mungu gani? Si Mungu aliyeahidi kisima.

Kisima kilichimbwa baadaye, mvua zikarudi. Tekla anapanda muhogo mchungu hadi leo. Ugali wake ukiiva huanza kula yeye, peke yake, kisha hukaa mlangoni mpaka jua liiname, sufuria kaifunika. Watoto wa mwanawe Ambrosi hulia njaa, na mama yao humsihi awape.

"Waache walie," husema Tekla. "Anayelia yu hai."