Muuguzi Afanye Nini Kwanza?

Nilirudi chuo pale Kasulu nikiwa mama wa watoto wawili, baada ya kufanya kazi miaka kadhaa katika zahanati moja ya Nyakitonto. Cheti nilikuwa nacho, nikawa natafuta diploma. Nilidhani nitakwama kwenye hesabu za dawa. Kumbe kilichonitoa jasho ni vile visa vifupi vya wagonjwa, ambavyo kila kimoja huishia na swali lilelile: muuguzi afanye nini kwanza?

Hilo neno "kwanza" nililichukia. Unapewa majibu manne, yote mazuri, yote ungeyafanya kabla jua halijazama, halafu unaambiwa uchague moja. Tena kwa Kiingereza, wakati darasani tunaelewana kwa Kiswahili na wodini wagonjwa wanalia kwa Kiha.

Kwenye mtihani wa majaribio likaja hili: mama amejifungua asubuhi, damu inamtoka zaidi ya kawaida, mfuko wa uzazi umepanda juu ya kitovu na kuegemea kulia. Je, umwite daktari, uongeze dripu, umsaidie akojoe, au umpime presha? Nikaandika daktari, tena kwa kujiamini.

Nikakosa. Nikamfuata mwalimu wetu mlangoni, mtu wa Tanga, mpole hadi anaudhi.

"Mwalimu, mama anatoka damu, halafu mimi nimpeleke chooni?"

"Kibofu kimejaa, dada. Ndicho kinachosukuma mfuko wa uzazi pembeni, ukashindwa kukaza. Swali limekuambia umeegemea kulia. Hukusoma?"

"Nimesoma. Ila daktari yupo hapo kwenye majibu!"

Akacheka. "Kule kwenu Nyakitonto ulikuwa na daktari?"

"Sikuwa naye. Ndiyo maana nilipomwona kwenye karatasi nikamwita."

"Haya, umemwita. Anakuja. Mpaka afike, mikono yako inafanya nini?"

Swali hilo liliniudhi kuliko alama nilizopoteza. Mwenzangu niliyekuwa naishi naye chumba kimoja, binti mdogo aliyetoka kidato cha nne moja kwa moja, alikuwa amepata maswali yote. Alikuwa hajawahi kumshika mama mwenye uchungu hata siku moja. Akaniambia, "Dada, wewe unafikiria sana. Tafuta neno linalong'aa kwenye swali, basi." Nilitamani kumrushia kandambili.

Muhula uliofuata tukapelekwa Kibondo kwa mazoezi ya vitendo, mimi na huyohuyo binti, wodi ya wazazi. Mchana mmoja mvua inanyesha, nesi mkuu wa zamu yuko chumba cha kujifungulia na mama mwingine, nikapita kwenye kitanda cha mwanamke aliyetoka Nyabibuye. Alikuwa amejifungua alfajiri. Nikaona kitenge alichokalia kimeloa damu kuliko inavyopaswa. Nikamshika tumbo: mfuko wa uzazi uko juu ya kitovu, umeegemea kulia. Nikiukanda unakaza, nikiachia unalegea.

Nikamwambia binti akimbie kumwita nesi. Halafu nikamuuliza yule mama, "Umekojoa tangu ujifungue?"

Akatazama ukutani. Mama mkwe wake ndiye aliyejibu, kikombe cha uji mkononi: "Aende wapi na mvua hii? Choo kiko nje, kunateleza. Mwacheni anywe uji."

Mtihani hauna mama mkwe. Hauna wanafunzi wawili wa kiume waliosimama pale na daftari zao wakisubiri kuona nitafanya nini. Hauna chombo cha kukojolea ambacho kila mtu anasema kipo, na hakuna anayejua kilipo. Niliwafukuza wale vijana kwa sauti ambayo wanangu wanaijua. Nikaomba vitenge kwa wagonjwa wa jirani, tukavishika kama pazia. Nikachukua beseni. Yule mama akachuchumaa huku nimemshikilia, na mkojo haukutoka.

"Siwezi," akasema kwa Kiha, machozi yanamlenga.

Nikakumbuka kwamba sauti ya maji husaidia. Nikafungua bomba, bomba likakohoa hewa. Nilikasirika hadi nikataka kucheka. Binti, aliyekuwa amerudi na kuniambia nesi anakuja, akachukua jagi bila kuambiwa, akawa anamimina maji kwenye ndoo polepole, anayachota, anamimina tena. Mwishowe yule mama akaachia, na ulitoka mkojo ambao sijui alikuwa ameuficha wapi.

Nesi alipofika na sindano yake, tumbo lilikuwa limeshuka na mfuko umekaza kama mpira. Damu ikapungua. Nesi akalishika tumbo mwenyewe, akaridhika, akasema tuendelee kumwangalia kwa karibu. Mama mkwe akatutazama mmoja mmoja. "Kumbe ilikuwa mkojo tu! Sasa kelele zote zile za nini?"

Jioni nikamwambia binti asante kwa lile jagi. Akasema muda wote alikuwa anaogopa kulidondosha. Tangu hapo alipunguza kunihubiria habari za maneno yanayong'aa, nami nikaanza kusoma maswali hadi mwisho, ingawa kwa kununa.

Mtihani wa mwisho tuliufanyia Kasulu. Kulikuwa na kisa cha mzee mwenye kisukari aliyekutwa anatetemeka, jasho linamtoka, maneno anayachanganya. Mimi niliandika apewe sukari mara moja, binti akaandika apimwe damu kwanza. Tukabishana tangu getini hadi stendi, mimi nikisema mzee akizimia mbele yako kipimo hakitamwamsha, yeye akisema ukimpa kitu bila kupima umebahatisha. Watu wakawa wanatugeukia, kondakta mmoja akauliza huyo mzee yuko hospitali gani.

Tumefaulu wote wawili. Karatasi hazirudishwi, kwa hiyo hatujui nani alipata lile swali. Mwalimu nilimpigia kumuuliza. Akasema kwa ule upole wake, "Inategemea, dada." Nikakata simu.