Chuma cha Murdina na Birika Jeusi

Murdina MacAskill alikuwa na utumbo wenye hasira kuliko mama mkwe. Miaka kumi na tisa umekuwa ukivimba, unatulia, unavimba tena, mpaka akajua kila choo cha kisiwa chao cha Cape Breton, huko Kanada, kipi kina komeo na kipi unashikilia mlango kwa mguu. Hayo aliyazoea. Kilichomkosesha raha mwaka ule ni damu. Utumbo ulikuwa umetulia, ila damu ilipungukiwa na madini ya chuma, na daktari akamwambia, "Kisipopanda kufikia Februari, hakuna kusukuma mawe barafuni. Utaanguka uvunjike nyonga."

Mchezo wa pale wakati wa baridi ni huo: unatelezesha jiwe zito juu ya barafu hadi kwenye duara, mwenzako akilifagilia njia kwa ufagio. Na jiwe la mwisho la timu ya wanawake lilikuwa lake. Akikosa yeye, analisukuma wifi yake Leona, ambaye mwaka juzi alimwangusha mwamuzi.

Basi Murdina akameza vidonge vya chuma kila asubuhi tangu Oktoba. Mwisho wa Novemba wakampima: chuma palepale. Mumewe Alban, ambaye hajawahi kukosa wazo, akatumbukiza kiatu cha chuma cha farasi kwenye supu ya njegere.

"Umekiosha?" Murdina akauliza.

"Farasi mwenyewe alikuwa msafi."

Supu akanywa paka, naye akajuta.

Muuguzi mpya, Priya, aliyetoka Toronto, ndiye aliyeuliza jambo ambalo mwenyeji asingeuliza. "Mama, vidonge unavimeza na nini?"

"Na chai, mwanangu. Ulitaka nivimeze na petroli?"

Chai yenyewe ilikaa jikoni tangu alfajiri, majani yakiwa humo humo, nyeusi kama lami.

"Hiyo chai ndiyo inakishika chuma tumboni kisiingie kwenye damu. Meza na maji ya machungwa, na chai usiiguse kwa saa mbili nzima."

"Saa mbili! Na watu wakija?"

Maana pale kwao mgeni hafiki mezani kabla birika halijafika. Kumwambia mtu hakuna chai ni sawa na kumfukuza. Murdina akaona dawa ni moja: akafunga mlango, akashusha mapazia, akaliweka birika kabatini.

Siku ya tatu mlango ukagongwa. Alban akafungua. Nje wamesimama majirani kumi na mmoja, nyuso zimeinama, mikononi sandwichi za mayai. Nyumba iliyofungwa asubuhi, tena isiyomkaribisha mtu chai, haina maana nyingine: kuna msiba. Mbele yao Leona, gauni jeusi, analia.

"Pole, kaka Alban. Ameteseka?"

"Nani?" Alban akauliza.

"Mimi hapa, bibi wee!" Murdina akachungulia, glasi ya machungwa mkononi. "Nameza chuma. Na huo ufagio wa barafuni umebeba wa nini?"

Leona akauangalia kama ameuona sasa hivi. "Nilifikiri... timu isije ikakwama."

"Maiti hata haijapoa!"

Sandwichi zikaliwa. Chai wakaingojea, wote kumi na mmoja, macho kwenye saa ya ukutani, na tangu siku hiyo kijiji kizima kikawa kinamlinda. Akikaribia birika kabla saa mbili hazijatimia, mtu anapiga honi barabarani.

Februari daktari akasoma karatasi mara mbili. Kimepanda. Nenda.

Jumamosi Murdina akapiga magoti, akaachia jiwe la mwisho, likateleza taratibu mpaka katikati ya duara likalala. Njia nzima, mbele ya jiwe, Leona alikuwa akifagia barafu kwa ule ufagio wake wa msiba, tena kwa bidii.

"Fagia, wifi!" Murdina alikuwa akipiga kelele. "Fagia, sijafa!"