Injini Tatu, Injini Nne

Baba na jirani yetu walikuwa mafundi wa malori makubwa ya mgodi, na kampuni iliwahi kumpeleka kila mmoja Ulaya kujifunza. Baba alipanda ndege ya injini nne, ile yenye nundu kichwani. Jirani alipanda ya injini tatu, moja mkiani. Basi, mtaa wetu wa Dilala ukakosa amani. Kila Jumapili baada ya misa walibishana barazani kwetu.

"Yangu, moya ikikufwa, tatu zinabakia," baba alisema. "Na ikitua hausikie kitu, iko na magurudumu mingi. Yako, ile injini ya ku mukia, fundi atapanda na ngazi ya nani?"

"Yako ni nzito, tata," jirani alijibu, akimwita baba kwa heshima. "Inakimbia weee, njia inakaribia kuisha, njo inaamka juu. Yangu inaruka mbio, na inatua ku njia ya mufupi."

Hakuna aliyekubali hata nukta. Mama aliwaletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, na kuwakumbusha kwamba wote wawili hawana hata baiskeli.

Kisha wenyeji wakaanza kutufukuza sisi watu wa Kasai. Babu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, nami pia. Ghafla vijana wakawa wanaimba mitaani kwamba sisi ni bilulu, wadudu. Jirani, mwenyeji wa Katanga, akaacha kuja. Siku tuliyotolewa nyumbani, mlango wake ulikuwa umefungwa. Nilimchukia, na sioni haya kusema.

Tulilala stesheni wiki baada ya wiki, chini ya turubai, tukingoja treni ya Kasai. Watoto walikufa kwa kuhara. Baba hakuililia nyumba wala kazi. Kila nilipotoka kuchota maji aliniuliza jambo moja tu: kama nimemwona rafiki yake.

Asubuhi moja akafika, amebeba unga begani, akitazama nyuma kila mara. Baba aliruka kumpokea, na hata salamu hakungoja.

"Mi nasema, ya injini nne!"

Jirani aliinamisha kichwa. "Ni kweli, tata. Ya injini nne njo ya muzuri."

Kwetu, mgonjwa mahututi habishiwi. Huitikiwa kila analosema, aende kwa amani. Baba alilijua hilo kuliko mimi. Alimshika shati.

"Bisha, ndugu yangu. Bisha hata kidogo."

Jirani, mtu mzima yule, alilia tu. Baba akamwachia shati, akaniambia niupokee unga na nimshukuru.