Maharagi ya Mama Mkwe

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa herufi zitakazokosewa. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu unaenda polepole. Lakini kusema mbele ya watu siwezi kabisa, basi naandika.

Mwenye masomo nyumbani kwetu ni dada yangu mkubwa. Anafundisha kama asistanti kwenye chuo kikuu hapa Bukavu. Anachunguza tabia za watu katika safari ya bidhaa, kutoka shambani hadi kwa mnunuzi: nani anaagiza kiasi gani, na kwa nini akisikia boti imechelewa anaagiza zaidi ya anachoweza kuuza. Majirani wa mtaa wetu wa Kadutu wanamwita dokta wa magunia. Wanamuuliza kama gunia likiumwa atalipiga sindano. Anacheka nao. Ila asipomaliza kitabu chake cha udaktari, ule wa masomo si wa sindano, nafasi yake chuoni itapewa mwingine. Profesa wake alishamwambia.

Msimu wa mvua uliopita alipanga mchezo kwenye saloni yetu, tunapokaribisha wageni. Aliita wanawake wanne wa sokoni, akampa kila mmoja kikombe cha maharagi. Wa kwanza alituuzia sisi wateja, yaani mimi na maman, mama yetu. Wa pili alikuwa depo, ghala la mjini, wa tatu boti ya kutoka Kalehe, wa nne mkulima. Kusema kulikatazwa. Anayetaka maharagi anamwinulia vidole aliye nyuma yake.

Dada aliwakalisha kwa mfuatano walivyoingia mlangoni. Ndivyo depo alivyokuwa mwanamke kijana, na boti akawa mama mkwe wake.

Mwanzoni kulienda vizuri. Tulinunua, wa kwanza akainua vidole, depo akamhudumia mpaka kikombe chake kikaisha. Sasa ilikuwa zamu yake kuomba. Akaangalia kikwembe alichojifunga, mikono magotini. Dada akamwambia kwa upole aendelee. Hakuinua hata kidole. Mama mkwe, kikombe kimejaa, alikuwa anaangalia ukuta.

Kwetu mke wa mtoto hamwombi mama mkwe chakula mbele ya watu. Ni kama kutangaza kwamba nyumbani kwa mume wake kuna njaa. Niliona kwenye uso wa dada kwamba naye alikumbuka, lakini amechelewa.

Yule mkulima akanong'ona, "Dokta, magunia imegoma." Wakacheka, isipokuwa wawili.

Mama mkwe akasema, macho bado ukutani, "Ningemupatia yote. Aombe tu."

Yule mwanamke kijana akajibu chini chini, "Naomba namna gani, maman?"

Dada alisimamisha mchezo. Maharagi tukayapika, tukayala wote, na mke wa mtoto akampakulia mama mkwe wake kabla ya wote.

Wiki ile dada alimwandikia profesa kwa furaha. Aliona amepata jambo: sokoni kwetu bidhaa inaweza kusimama kwa sababu ya watu kuoneana haya, hata boti ikiwa imefika. Profesa, ambaye sasa anakaa Kinshasa, alijibu kwamba mchezo umeharibika. Urudiwe, na wanawake wasiojuana.

"Katika Bukavu hii?" maman akauliza.

Dada alishuka hadi Mumosho, nje ya mji, kutafuta wageni. Wa kwanza aliyemsalimia akamuuliza ukoo, ikaonekana ni shangazi yetu. Na siku hizi watu wanaogopa mtu mwenye maswali. Wakiona kalamu mkononi mwake, wanakumbuka wameacha sufuria motoni. Hawana kosa. Na yeye hana wa kumlazimisha.

Sasa vikombe vimepangwa mezani kwake. Maman anavitaka jikoni. Dada anavipangusa, anavirudisha palepale. Profesa anamngoja mpaka mwisho wa kiangazi hiki. Mimi namchemshia chai, naiweka, natoka. Nikiirudia nakuta imepoa.

Basi nawaomba ninyi mnaouza, hata wa mbali ambao hatujuani. Je, uliwahi kukosa bidhaa na mwenye nayo yuko mbele yako, ukashindwa kumwomba? Au uliogopa, ukaagiza kupita kiasi? Sijui kama profesa atayakubali majibu ya namna hii. Jina lako usiliweke. Ukikosea herufi, nami nimekosea. Mpe jibu yule aliyekuletea karatasi hii, litanifikia, nami nitaliweka mezani karibu na vikombe. Niandikieni, hata mstari mmoja, kabla mvua hazijarudi.